Asilimia Hamsini na Nane

Karatasi iliyoandikwa kwa penseli "Okapel, msituni, sampuli ya 3" ilikuwa imeungua. Haikuungua yote. Kingo zake zilikuwa nyeusi na katikati ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, lakini Edinah Wesonga alipoiona aliacha kusugua, kitambaa cha kufutia kikiwa mkononi. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, kabla wanafunzi wa chuo hawajaingia maabara, naye alikuwa amekuja kusafisha oveni tu. Karatasi ilikuwa imeanguka nyuma ya waya wa chini, ikakaa huko wiki tatu bila mtu kuiona.

Miaka kumi na miwili Edinah alikuwa anakausha udongo katika maabara ile, nje kidogo ya mji wa Busia. Alijua kwamba karatasi haiungui kwa nyuzi mia moja na tano. Inakauka tu na kujikunja.

Alichukua kipimajoto cha kioo, akakipitisha kwenye tundu la juu ya oveni, akawasha, akavuta stuli. Baada ya saa moja, taa nyekundu mlangoni ilionyesha 105, kama ilivyoonyesha kila siku. Kipimajoto kilisema mia mbili na kumi na mbili. Akadhani kipimajoto ndicho kibovu, akaleta kingine. Mia mbili na kumi.

Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi. Unapigilia pete ya chuma ardhini mpaka ijae udongo ambao haujavurugwa. Unaiweka kwenye sinia lenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini polepole mpaka ushibe. Unaukamua kwa presha ndani ya chungu cha chuma mpaka yabaki yale maji ambayo udongo umeyashika kwa nguvu zake wenyewe. Unapima uzito. Kisha unaukausha kwenye oveni siku nzima, unapima tena. Kilichopungua ndicho maji.

Lakini oveni ikipita kiasi, kinachopungua si maji peke yake. Udongo wa msitu umejaa majani yaliyooza na mizizi myembamba kama nywele. Vyote hivyo huungua na kupotea hewani, na mizani haina namna ya kujua. Inahesabu kila kilichopotea kuwa maji.

Sasa Edinah alikumbuka ile harufu. Wiki tatu zilizopita, alipofungua oveni kutoa sampuli za Okapel, alisikia harufu ya majani yaliyochomwa, akasema moyoni kwamba ni watu wa kantini wanachoma taka. Alikumbuka pia udongo ulioingia mweusi ukatoka na wekundu. Aliandika uzito, akapiga hesabu, akapata kwamba udongo wa msitu wa Okapel hushika maji asilimia hamsini na nane ya uzito wake, na ule wa malisho yaliyo chini ya msitu thelathini na moja. Alifurahi. Msitu ule ulikuwa Moding, nyumbani kwa wakwe zake, na chini yake kulikuwa na chemchemi iliyonywesha boma la mama mkwe wake na maboma mengine zaidi ya sitini. Kampuni moja ilitaka kuukata ili ijenge uwanja wa kuegesha malori yanayosubiri kuvuka mpaka Malaba.

Ripoti ilikuwa imeshatoka. Kikao cha serikali cha kuamua kama msitu ukatwe kingekuwa Jumatano.

Bwana Quinton, mkuu wa maabara, alimsikiliza akiwa anakunywa chai. Hakukatiza hata mara moja. Edinah alipomaliza, Quinton akauliza, "Fundi umeita?"

"Fundi nimeandika barua tatu, boss. Januari, Machi na Juni. Niliomba oveni ipimwe. Zote ziko kwa faili yako."

"Edinah, keti chini kwanza." Naye alikuwa ameketi tayari. "Hiyo ripoti ulinipatia, nikasaini. Sahihi ni yangu. Sasa unataka niende mbele ya watu nikasema nini?"

"Kwamba oveni ilikuwa mbovu. Kwamba hiyo namba tuiondoe, turudie."

"Turudie na siku ngapi? Kutoka leo mpaka Jumatano?"

"Haitoshi. Kazi ni wiki mbili na zaidi."

"Sasa unaona." Quinton aliweka kikombe chini kwa uangalifu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na maisha yake yote ya kazi alikuwa ameona kwamba jambo lisilotajwa mara nyingi hufa lenyewe. "Wale wa kampuni wamepima kwao, wakasema hakuna tofauti ya msitu na malisho. Kuna mtu ameuliza oveni yao?"

"Hakuna."

"Basi. Na msitu unashika maji kuliko malisho. Wewe unajua, mimi najua, hata ng'ombe anajua."

"Mimi sijui, boss. Nadhani tu. Kujua ni kitu ingine."

Quinton alifunga faili iliyokuwa mbele yake. "Jumatano watakuita useme jina lako na usome ripoti. Soma, ukae chini." Kisha akavuta faili nyingine. "Ukitoka, nipelekee hivi vikombe kwa sinki."

Kulikuwa na vikombe vinne. Edinah alivibeba.

Barnabas Etyang, mume wake, alikuwa fundi wa tairi za malori Malaba. Kwa miaka kumi na sita madereva walikuwa wakimwita kutoka juu, bila kushuka, "Wee wa tairi!" Alikuja akainama chini ya magurudumu, akatoka na mgongo wenye grisi. Hakuna aliyewahi kumwuliza anafikiri nini kuhusu jambo lolote. Kisha mwezi wa nne watu wa Moding walikutana kwa ajili ya msitu, wakatafuta mtu anayeweza kusimama na kuongea bila kuogopa, naye akasimama. Tangu siku hiyo aliitwa Katibu. Naibu wa chifu mwenyewe alikuwa amemvutia kiti.

Ripoti ilipotoka, Barnabas ndiye aliyeitwaa ile namba na kuifanya wimbo. Alichangisha watu wakatengenezewa bango la kitambaa lenye maandishi ya kijani: OKAPEL ASILIMIA 58. MSITU NDIO TANGI YETU. Alilisoma kanisani, alilisoma sokoni, alilisoma kwa madereva waliokuwa wamekaa siku tatu kwenye foleni na hawakujali. Watoto wa Moding walipokutana na Edinah walisema "Hamsini na nane!" badala ya kumwamkia.

Edinah alikaa na siri yake Ijumaa na Jumamosi. Jumapili baada ya ibada, mama mkwe wake, Akwii, alikuja kwao Malaba na simsim ya kusaga kwenye kibuyu, akawa sebuleni na mjukuu wake Winny akisimulia jinsi wanawake wa Moding watakavyokuja kikaoni na mitungi vichwani. Edinah akamwita mume wake nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo.

Alimwambia yote. Barnabas alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani. Alisikiliza huku akishika pindo la shuka lililoanikwa, kama anataka kujua limekauka au bado.

"Mama Winny, sema polepole. Hamsini na nane si hamsini na nane?"

"Si hiyo."

"Ni ngapi?"

"Sijui."

"Hujui!" Alicheka kicheko kifupi kibaya. "Wiki zote hizi, na wewe ndiyo mtaalamu, hujui?"

"Oveni ilichoma udongo, Baba Winny. Ule udongo umekwisha. Siwezi kuurudisha niupime tena. Lazima nikachukue mwingine, nianze upya."

"Basi anza upya Alhamisi. Jumatano nyamaza." Sauti yake ilishuka, ikawa ya kuomba, jambo ambalo Edinah hakuwa amelisikia tangu siku alipokuja kumposa kwao Busibwabo. "Siku moja tu. Wewe soma karatasi. Alhamisi sema kila kitu unataka."

"Jumatano nitaapishwa."

"Hata wao wameapa! Wao wamesema hakuna tofauti. Uongo wao mkubwa, wetu mdogo."

"Si lazima wao wawe na uongo. Labda oveni yao ndiyo nzuri."

Hilo ndilo lililomuumiza Barnabas zaidi ya yote. Aliachia shuka. "Unajua watasema nini? Watasema bibi ya Etyang ni Mkhayo, si Mteso, ameuza msitu wetu. Watasema nilikuwa najua. Mimi, nimesimama mbele ya kanisa na hiyo namba mdomoni."

"Na mimi ndiyo nilikupatia. Ndiyo maana nasema."

"Kama unanipenda utanyamaza."

Akwii alikuwa ametokea kwenye mlango wa nyuma, amejitanda leso ya Jumapili, anawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnasema nini juu ya maji?" akauliza.

"Hakuna kitu, Toto," Barnabas akasema, akimwita mama kwa Kiteso, akaingia ndani.

Kikao kilifanywa kwenye ukumbi wa kanisa, Malaba, karibu na barabara kuu kiasi kwamba kila lori lililosogea hatua moja kwenye foleni lilizima sauti ya msemaji. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aliyekuja kutoka mbali na alionekana kuchoka kabla hajaanza. Upande wa kulia walikaa watu wa kampuni na wakili wao, kijana nadhifu aitwaye Geoffrey. Upande wa kushoto walikuwa watu wa Moding, wanawake na mitungi yao mapajani. Barnabas alikuwa mbele, ameshika mti mmoja wa bango. Usiku kucha hakumsemesha mke wake, na asubuhi alivaa bila kuuliza soksi ziko wapi.

Edinah aliitwa. Akaapa, akasema jina lake na kazi yake. Kisha akaweka ripoti juu ya meza bila kuifungua.

"Mheshimiwa, kabla nisome, nina jambo. Namba iliyo ndani ya hii ripoti siyo sahihi."

Lori lilinguruma nje. Mwenyekiti akamwomba arudie. Akarudia. Akaeleza juu ya oveni na karatasi iliyoungua, maneno yakimtoka kwa haraka kuliko alivyokusudia, na alipofika mwisho aligundua kwamba hakuna aliyeelewa kitu isipokuwa jambo moja tu: hamsini na nane ilikuwa ya uongo.

"Umelipwa ngapi?" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Mwingine akasema kitu kwa Kiteso, na watu wakacheka vibaya. Mtungi ukaanguka, ukabingirika chini ya viti.

Geoffrey alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, hatuna maswali. Tunaomba ripoti ya chuo iondolewe, na kikao kiamue kwa ile iliyobaki."

"Iliyobaki ni yenu," mwenyekiti akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Yenu udongo ulikaushwa kwa joto gani?"

Geoffrey akafunua kurasa. Akafunua tena, kutoka nyuma kuja mbele. Akainama kumwuliza mtu aliyekaa kando yake, naye akainua mabega. "Hiyo ni mambo ya wataalamu, mheshimiwa. Hatukudhani ingeulizwa."

"Mimi pia singeuliza," mwenyekiti akasema, "kama huyu mama hangesema." Akavua miwani, akaifuta. "Ripoti zote mbili naziweka kando. Udongo uchukuliwe upya, mbele ya watu wa pande zote, kila upande upime na ueleze ulivyopima. Siku ishirini na nane. Haziongezwi. Chuo kitaweza?"

Edinah aligeuka. Quinton alikuwa amekaa safu ya mwisho, karibu na mlango.

"Tutaangalia ratiba," Quinton akasema.

Sasa ndipo watu walipocheka kweli, pande zote mbili za ukumbi.

Barnabas hakucheka. Alikuwa bado ameshika mti wa bango, na kijana aliyeshika mti wa pili alikuwa ameshauacha, kwa hiyo kitambaa kilining'inia hadi sakafuni, maandishi ya kijani yakikanyagwa na wanaotoka. Alasiri ileile, chini ya ukuta wa kanisa, watu wa Moding walichagua katibu mwingine. Hawakumwita Barnabas kumwambia. Walimtuma mtu aje kuchukua kitabu cha kumbukumbu.

Siku tisa zilikwenda bure. Quinton alisema chuo kitarudia kazi, kwa kuwa mwenyekiti aliandika barua na barua haiwezi kutupwa, lakini fundi wa oveni alihitaji idhini, na idhini ilihitaji sahihi, na mwenye sahihi alikuwa semina Kisumu. Kila asubuhi Edinah alikwenda kuuliza. Kila asubuhi karani alimwambia, "Mama, tulia kidogo," na siku ya nane hakumwambia chochote, alitikisa kichwa tu bila kuinua macho kwenye simu. Siku ya tisa Edinah alikwenda mjini, akamleta Josiah, fundi wa friji, akamlipa kwa mshahara wake. Josiah alifungua mgongo wa oveni, akatoa kijiti chembamba cha kupimia joto, akakigeuzageuza.

"Hii imekufa kitambo," akasema. "Ilikuwa inapima tu maneno yake."

Akatia kingine. Edinah aliweka vipimajoto viwili ndani, akakaa navyo mchana wote. Vyote vikasema mia moja na tano.

Nyumbani hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Barnabas alikula, akashukuru, akatoka. Hakumtukana wala hakuinua sauti. Aliongea na Winny juu ya shule, aliongea na jirani juu ya mvua, na Edinah akiingia maneno yalikwisha. Kazini madereva walikuwa wamerudia kumwita Barnabas "Wee wa tairi," au pengine hawakuwa wameacha kamwe na ni yeye aliyekuwa haisikii.

Siku ya kumi na moja Edinah alikwenda Okapel na sanduku la pete za chuma. Mtu wa kampuni alikuwa ameshafika na gari, kijana mpole mwenye buti mpya, akachukua udongo wake mahali palepale palipowekewa alama, akaandika, akaaga. Ilipofika zamu ya Edinah, katibu mpya na wanaume wengine watatu walisimama njiani, mahali ambapo malisho yanaishia na miti inaanza.

"Wewe rudi," katibu mpya akasema. "Chuo kilete mtu mwingine."

"Hakuna mwingine. Ni mimi peke yangu nafanya hii kazi."

"Basi kazi isifanywe. Mara ya kwanza ulikuja hapa tukakubebea vitu, tukakupikia kuku. Ukaenda kutuanika kama nguo."

"Siku zimebaki kumi na saba," Edinah akasema. "Nisipopima, itabaki yao peke yake." Akatua sanduku la pete chini. "Mnataka nini? Mnataka nipige magoti? Nilikosea! Nimesema mbele ya watu wote nilikosea! Sasa nipeni nafasi nirekebishe, ama mniambie nani mwingine atawafanyia."

Hakuna aliyesogea. Akwii alikuwa anapanda kutoka chemchemini na mtungi, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kwa sababu ya goti. Alipofika aliwakuta wamekwama hivyo. Hakumwamkia mkaza mwana wake. Tangu kikao alikuwa hajakanyaga kwao.

"Huyu anataka nini?" akamuuliza katibu.

"Udongo, tata," katibu akajibu, kama anayemwita nyanya yake.

"Udongo umekuwa dhahabu?" Akwii akatua mtungi. "Mimi nimemkasirikia kuliko nyinyi. Ameaibisha kijana yangu. Lakini mimi ndiyo nachota maji hapa, si wewe, wewe unachotewa na bibi yako. Mpe udongo aende nao. Sitaki kumwona, nataka apime."

Wakampisha, bila kumsaidia. Edinah alipiga magoti chini ya miti, akafagia majani kwa mkono, akaweka pete ya kwanza. Pete inataka kupigiliwa wima, pigo moja lenye uzito sawa baada ya jingine, la sivyo udongo unapasuka ndani na maji yatapita kwenye nyufa. Mara ya kwanza alimtumia mfanyakazi wa chuo. Sasa nyundo ilimponyoka, pete ikainama. Akaichimbua, akaisafisha, akaanza tena. Ikainama tena. Mistari ya viganja vyake ilikuwa imejaa udongo, na machozi aliyokuwa ameyazuia siku zote yalimjia hapo, mbele ya wale wanaume, kwa sababu ya pete.

Mtu alikuja kutoka nyuma akachukua nyundo.

Barnabas alikuwa bado kwenye ovaroli ya kazi. Jirani wa mama yake alikuwa amempigia simu kwamba wamemzuia mke wake msituni, na alikuwa ameacha lori la Mganda limesimama kwenye jeki, tairi chini. Alishika pete kwa vidole viwili, akakagua kama imekaa sawa, akapiga. Mtu aliyepigilia rimu za malori kwa miaka kumi na sita hapigi pembeni. Pete iliingia wima kama kisu kwenye sabuni.

"Nyingine," akasema.

Waliingiza pete kumi na mbili msituni na kumi na mbili malishoni. Maneno waliyosemezana ni hilo moja tu, "nyingine", na mara moja "shika hapa". Walipomaliza Barnabas alibeba sanduku hadi barabarani, akaliweka chini, akarudi kwenye lori la Mganda.

Udongo ulikunywa siku tatu. Kisha ukaingia kwenye chungu cha presha, na siku ya nne ya kuukamua stima ikapotea Busia nzima tangu saa tatu asubuhi hadi jioni. Presha ikashuka, udongo ukayanyonya upya maji uliyokuwa umeyatoa, na Edinah akalazimika kuanza upya. Alimwomba Quinton jenereta ya chuo. Quinton alisema jenereta ni ya ofisi ya mkuu. Edinah alihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, akazihesabu tena kana kwamba zitaongezeka. Siku ya ishirini na sita alitia udongo kwenye oveni. Siku ya ishirini na saba akautoa. Ulikuwa mweusi kama ulivyoingia, na haukunuka kitu chochote ila udongo.

Msitu, asilimia arobaini na moja. Malisho, ishirini na tisa.

Alikaa kitako sakafuni, mgongo kwenye kabati. Ilikuwa pungufu kwa kumi na saba. Lakini ilikuwa yake.

Ripoti ya kampuni, iliyopimwa Nairobi, ilisema thelathini na tisa na ishirini na tisa. Kikao kiliporudi ukumbini, Geoffrey aliisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya majina, kisha akaketi. Mwenyekiti alichukua muda mfupi, kwa kuwa sasa ripoti zote mbili zilisema msitu hushika maji zaidi. Msitu wa Okapel usiguswe. Kampuni ikitaka uwanja, ikazungumze na wenye malisho yaliyo ng'ambo ya barabara, mbali na chemchemi.

Wanawake walipiga vigelegele hadi madereva wakashuka kwenye malori kuangalia kuna nini. Katibu mpya alipanda jukwaani, akamshukuru mchungaji, naibu wa chifu, vijana, kina mama na Mungu. Alisema pia, "na wataalamu wote." Edinah alikuwa amesimama karibu na dirisha. Akwii alipita mbele yake akiimba, akamgusa bega kwa mkono uliokuwa umeshika leso, haraka, kama anayepangusa vumbi, akaendelea.

Jumatatu iliyofuata Edinah alikuta barua mezani. Kwa ajili ya kuboresha utendaji, alikuwa amehamishiwa stoo ya vifaa vya shamba. Quinton hakuwepo ofisini. Kijana mmoja aliyemaliza diploma mwaka uliotangulia alikuwa tayari amevaa koti la maabara, akamwuliza kwa aibu, "Madam, funguo ya mizani iko wapi?" Alimwonyesha. Alimwonyesha pia vipimajoto viwili, akamwambia aviweke ndani ya oveni kila Jumatatu, asiamini mlango. Kijana akaandika.

Alifika nyumbani mapema kuliko kawaida. Barnabas alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, anasugua mikono kwa mchanga na sabuni kutoa grisi. Edinah alimpa barua. Aliisoma mara mbili, midomo ikisogea.

"Wamekutupa stoo."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya kusema ukweli."

"Hawajaandika hivyo."

Barnabas alikunja barua vizuri, akamrudishia. Kisha akaendelea kusugua mikono, muda mrefu, ingawa ilikuwa safi tayari.

"Mama Winny, nataka kuuliza kitu. Usicheke."

"Sitacheka."

"Hiyo asilimia. Arobaini na moja. Ni arobaini na moja ya nini?"

Edinah alimtazama. Alidhani anamkejeli, lakini Barnabas alikuwa ameinamisha kichwa, shingo imeiva kwa aibu.

"Kila mahali nimepiga kelele hamsini na nane, hamsini na nane," akasema. "Kanisani, sokoni. Mtu angenisimamisha aniulize maana yake, ningekufa hapo hapo. Nilikuwa naogopa hata kukuuliza wewe. Katibu anauliza bibi yake?"

"Ungeuliza ningekuambia."

"Sasa nauliza."

Edinah akaketi kando yake kwenye kizingiti, palipobaki nafasi ndogo, magoti yao yakagusana. "Chukua udongo wa Okapel, kilo moja, umekauka kabisa. Utie maji mpaka ushibe. Uache, yale ya kumwagika yamwagike. Yale yanayobaki, ambayo udongo umekataa kuachilia, ni gramu mia nne na kumi. Hiyo ndiyo arobaini na moja."

"Mia nne na kumi." Barnabas aliwaza. "Karibu chupa ndogo ya maji. Ile ya nusu lita."

"Karibu. Inapungua kidogo."

"Kila kilo?"

"Kila kilo. Mvua ikiisha, hiyo ndiyo inashuka polepole mpaka kwa mama."

Barabarani foleni ya malori ilisogea, ikasimama. Barnabas alikuwa anatazama viganja vyake, kimoja kama kimebeba kilo ya udongo na kingine kama kimebeba chupa, akivipandisha na kuvishusha.

"Mama ataniuliza, na nataka nimwambie kwa Kiteso," akasema. "Sema tena. Polepole."

Akasema tena, polepole.